Dawa ya Mizizi Haitibu Ugonjwa

Katika nyanda za juu za Kenya, na nchini Uganda karibu na Ziwa Viktoria, yapo mashamba ambayo hayauzi maua bali vipandikizi, yaani ncha changa za matawi zilizokatwa kabla ya kutoa mizizi. Jua la Ikweta huyawezesha mashamba hayo kukata mwaka mzima, hata Ulaya inapokuwa imefunikwa na theluji. Vipandikizi hupozwa, husafirishwa kwa ndege, na baada ya siku chache tu huwa vimekwisha kuchomekwa katika majumba ya vioo ya Uholanzi na Ujerumani.

Biashara hiyo hutegemea sana homoni ya mizizi. Mwaka 1928 Frits Went, Mholanzi, alieleza kwamba ncha ya mche hutoa kitu kinachoongoza ukuaji, nacho kikaja kuitwa oksini. Mwaka 1935 Zimmerman na Wilcoxon wa Taasisi ya Boyce Thompson, Marekani, walionyesha kuwa asidi ya indolibutiriki huchochea mizizi. Unga wake hutengenezwa kwa nguvu mbalimbali: asilimia 0.1 kwa mashina laini kama ya krisanthemi, 0.3 kwa yaliyokomaa kiasi, na 0.8 kwa yale magumu. Bugenvilia, ambayo askari wengi watunzao bustani za kambi wanaujua ukaidi wake, huhitaji dawa kali zaidi. Hata hivyo dawa hiyo ni amri, wala si chakula. Chakula hutoka katika shina lenyewe, na amri ikizidi huliunguza.

Amri hiyo nayo haichagui. Kipandikizi kigonjwa huota mizizi sawasawa na kizima. Mwaka 2003 huko Marekani, jerania zilizotokana na vipandikizi vya Kenya zilikutwa na bakteria wa Ralstonia, wa aina iletayo mnyauko wa viazi na nyanya. Kwa mkulima wa Afrika Mashariki huo ni ugonjwa wa siku nyingi. Kwa Marekani, bakteria hao walikuwa katika orodha ya vimelea vya hatari chini ya sheria ya 2002 ya kujihami dhidi ya ugaidi wa kibayolojia. Hapakuwa na gaidi yeyote, lakini mimea iliteketezwa.

Bakteria hao hukaa ndani ya mmea mzazi bila dalili, hasa penye ubaridi, na huenea kwa maji ya kumwagilia, udongo na kisu cha kukatia. Ndiyo maana kwenye mashamba ya vipandikizi mtu hukanyaga dawa na kunawa mikono kabla ya kuingia, utaratibu ambao mlinzi wa ghala la silaha angeuelewa mara moja. Nchini Kenya ukaguzi wa afya ya mimea ni wajibu wa KEPHIS, iliyoundwa mwaka 1996.

Afisa aliye mpakani, Namanga au Mutukula, akikuta fungu la matawi ndani ya kitambaa kibichi, macho yake hayawezi kuwaona bakteria. Cha kuuliza ni cheti cha afya ya mimea. Na kambini, unga wa mizizi umwagwe kidogo katika kisahani, kipandikizi kichovywe humo na kukung'utwa, na unga unaosalia utupwe, usirudishwe koponi. Kisu nacho kifutwe kwa spiriti kila mkataji anapotoka mmea mmoja kwenda mwingine.