Ngoma Iliyo Nyuma ya Gitaa

Sogeeni, wajukuu. Nyinyi wa Westlands mmezoea matatu za Waiyaki Way, spika zikitetemesha viti mpaka hamsikii kitu kingine ila besi. Leo nataka msikilize ngoma.

Carlos Santana na gitaa lake mnamjua. Mdogo wake, Jorge, wachache wanamkumbuka, na hilo linaniuma. Mwaka 1972, kule San Francisco, Jorge na bendi yake ya Malo walitoa santuri yao ya kwanza. Nyimbo sita tu, kwa maana hawakuwa na haraka. Waimbaji wanaimba kidogo, kisha wanaziachia tarumbeta na ngoma uwanja.

Wimbo uliovuma ni “Suavecito”, uliofika nambari 18 kwenye chati ya Marekani. Aliyeuimba, Richard Bean, alianza kuutunga akiwa mwanafunzi, kama shairi la msichana wa darasa lake la hesabu!

Lakini mimi napenda zaidi “Pana”. Liacheni gitaa kwanza, tegeni sikio chini yake. Kuna ngoma ndefu, konga, zinazopigwa kwa viganja vitupu. Kiganja kikitua katikati ya ngozi, sauti ni nzito. Kikigonga ukingoni, inalia kwa ukali. Konga ilizaliwa Kuba, mikononi mwa watu ambao wazee wao walitekwa Kongo wakauzwa ng’ambo.

Muziki wa ngoma hizo ukarudi nyumbani Afrika. Tangu miaka ya 1930 santuri za Kuba zenye herufi GV ziliuzwa Afrika. Wakongo wakazipenda, wakaunda rumba yao. Morogoro, Salim Abdullah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Hapa Nairobi, mwaka 1976, wanamuziki waliotoka katika bendi ya Baba Gaston wakaanzisha Les Mangelepa. Sikilizeni Mangelepa baada ya Malo: nao wanaimba taratibu, halafu sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, inafunguka na kila mtu anainuka kitini. Hawakuigana. Wote ni wajukuu wa ngoma moja.

Mkienda Kenyatta Market, kwenye santuri za zamani, tafuteni jalada la santuri hiyo ya Malo, lenye mchoro wa shujaa wa Kiazteki na mwanamke, kazi ya Jesús Helguera wa Meksiko. Mkiliona, mwombeni muuzaji kwa adabu awawekee upande wa pili, unaoanza na “Nena”.