Mtoto wa Masomo, Mtoto wa Mikono: Mgawanyo Usiokuwepo

Matokeo ya mwisho wa shule ya msingi yakitoka, swali ni lile lile, Sandoa, Dilolo na Kolwezi: huyu mtoto ni wa masomo au ni wa mikono? Anayeuliza mara nyingi ameshaamua. Akiambiwa ni wa mikono, daftari linafungwa, na huko Kolwezi mtoto anawafuata wachimbaji kwenye mashimo ya kobalti. Swali hilo halina jibu, kwa kuwa watoto wa aina hizo mbili hawapo.

Siku hizi swali hilo limevikwa joho la kitaalamu. Mwaka 1983 Mmarekani Howard Gardner alidai kwamba akili si moja bali ni kadhaa: ya lugha, ya hesabu, ya muziki, ya mwili, ya kuelewana na watu na nyinginezo. Nadharia ilipofika mitaani ikageuzwa chujio: mtoto mmoja, akili moja, kazi moja. Gardner hakusema hivyo. Kwake kila mtu anazo zote, kwa viwango tofauti. Na wanasaikolojia wengi hawajakubali hata hicho alichosema, maana tangu Charles Spearman achapishe hesabu zake mwaka 1904, vipimo vimeonyesha mara kwa mara kwamba anayefanya vizuri katika jambo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine. Vipaji havitolewi kwa mizani, kwamba aliyenyimwa hesabu lazima amefidiwa mikono.

Basi tofauti zinazoonekana zinatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye mazoea, na ushahidi uko jirani. Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kunakili maumbo, akachapisha matokeo mwaka 1979. Kwa kalamu na karatasi, Manchester waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka huupinda kutengeneza magari ya kuchezea, Lusaka wakaongoza. Kwa udongo wa kufinyanga wakawa sawa. Mtafiti ambaye angeishia kwenye karatasi angerudi nyumbani akisema watoto wa Zambia hawaoni maumbo.

Usenge, magharibi mwa Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa Kijaluo ujuzi wa dawa za mitishamba. Waliozijua vizuri zaidi walielekea kupata alama za chini katika Kiingereza. Hiyo si hukumu ya maumbile. Saa za mtoto ni zile zile, na kila familia inaamua zitumike wapi.

Hata vile vinavyoitwa vipimo vya akili tupu haviponi. Mafumbo ya picha ya Raven, yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1938, yalitungwa ili yasitegemee shule wala lugha. Katika miaka ya 1950 André Ombredane aliwapa Waasalampasu wa Kasai, majirani wa nchi ya Walunda, mafumbo hayo zaidi ya mara moja. Alama zilipanda kwa kurudia tu! Huko Embu, Kenya, alama za watoto wa shule katika mafumbo hayo hayo zilipanda sana kati ya 1984 na 1998. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Vilivyobadilika ni lishe, elimu ya wazazi na maisha ya nyumbani.

Na anayetaka kutenganisha mkono na kichwa akatazame michoro ya sona, ile ambayo mafundi wa Kichokwe waliichora mchangani. Kwanza vinapangwa vitone kwa safu, kisha kidole kinavizunguka kwa mstari mmoja bila kuinuliwa. Mwanahisabati Paulus Gerdes wa Msumbiji alionyesha kwamba idadi ya safu za vitone, za kulala na za kusimama, ndiyo inayoamua kama mstari mmoja utatosha. Huo ni ufundi wa kidole, na ni hesabu.

Yanayosaidia ni haya. Muhogo mchungu urowekwe siku tatu au zaidi kabla ya kuwa unga wa bukari: utafiti wa Michael Boivin na Désiré Tshala-Katumbay huko Kahemba, uliochapishwa mwaka 2013, uliona watoto wa vijiji vyenye konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na muhogo usiorowekwa vya kutosha, wakipata alama za chini, hata wale ambao miguu yao haikupooza. Chumvi iwe na iodini, hasa kwa mama mjamzito. Homa kali ipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani Kampala karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alikuwa bado na upungufu wa kufikiri miaka miwili baadaye. Macho na masikio yapimwe kabla ya kumwita mtoto mzito. Mtihani ufanyiwe mazoezi kwa maswali ya mtindo wake. Anayependa ufundi aende shule ya ufundi, ambako naye atakutana na sehemu, pembe na vipimo.

Mzazi mwenye matokeo mabaya mkononi asiulize mtoto ni wa nini. Aulize amefundishwa nini, amezoezwa nini, amekula nini. Na Septemba amrudishe darasani.