Kichupa Kikibadilika, Soma Kwanza



Hapa Naliendele tunaye mama mmoja, mhitimu wa darasa letu la kisomo. Mama huyu ana ugonjwa wa kisukari. Kila siku saa tatu usiku hujichoma sindano ya insulini. Alizoea dawa iliyo angavu kama maji.

Siku moja alikwenda kuchukua dawa kwa kadi yake ya bima. Akaambiwa, "Mama, ile yako bima hailipii tena. Chukua hii." Usiku akajichoma kiasi kile kile cha siku zote. Saa tisa usiku akaamka ametota jasho, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Mume wake akamkorogea maji ya sukari haraka. Akapata nafuu.

Je, dawa ile ilikuwa mbovu? Hapana. Ilikuwa dawa nzuri, ila ya aina nyingine.

Insulini ni nini?

Chakula tunachokula, kama ugali wa muhogo au wali, huwa sukari katika damu. Insulini huifungulia sukari hiyo mlango iingie mwilini iwe nguvu. Baadhi ya wagonjwa wa kisukari miili yao haina insulini ya kutosha. Hao hujichoma sindano. Dawa hii ilianza kumtibu mtu mwaka 1922, huko Kanada.

Kwa nini dawa hubadilishwa?

Bima hulipia dawa zilizo katika orodha yake. Orodha na bei hubadilika. Kwa mfano, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kutumia kitita kipya cha mafao tarehe 1 Machi 2024. Insulini za kisasa ni ghali. Zile za zamani ni nafuu, na bado zinatibu vizuri. Lakini hazifanyi kazi kwa saa zile zile.

Dawa ya zamani ya mama huyu hufanya kazi polepole, karibu siku nzima. Ile mpya ni ya rangi ya maziwa. Nguvu yake hupanda saa nne hadi nane baada ya kuchoma. Ndiyo maana sukari yake ilishuka usiku wa manane.

Tufanye nini kichupa kikibadilika?

1. Soma jina kwenye kichupa. Lilinganishe na la kichupa cha zamani. Usitupe kichupa cha zamani kabla ya kulinganisha.

2. Usiamini rangi peke yake. Dawa angavu ziko za muda mfupi na za muda mrefu. Uliza: hii huchomwa lini? Kabla ya kula au wakati wa kulala? Niijongoe chakula kwa dakika ngapi?

3. Dawa ya rangi ya maziwa ibiringishe taratibu katikati ya viganja mpaka ichanganyike. Usiitikise kwa nguvu.

4. Soma namba. Kichupa cha yuniti 100 kitumie bomba la yuniti 100. Ukitumia bomba la yuniti 40 utajichoma dawa mara mbili na nusu.

5. Usibadili kiasi mwenyewe, wala usiache kujichoma. Mwulize mganga. Wiki za mwanzo pima sukari mara nyingi zaidi, hata usiku kama mganga atakavyosema.

Dalili za hatari

Jasho, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, unywe. Baada ya dakika 15, kama hujapata nafuu, rudia. Kisha kula chakula. Mtu aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali upesi. Watu wa nyumbani wote wayajue haya, maana mgonjwa huenda asiweze kujisaidia.

Asubuhi ile mama yetu alikwenda zahanati na vichupa vyote viwili mkononi. Mganga alivisoma, akapunguza kiasi cha dawa na kukigawa mara mbili, asubuhi na usiku. Sasa mama analala vizuri, na msimu huu anaokota korosho shambani kwake.

Tulijifunza kusoma ili tusiwe watu wa kusomewa. Maandishi ya kichupa ni madogo, lakini ni yetu. Tuyasome. Tusipoelewa, tuulize mpaka tuelewe.