Pima Kiwiko cha Mama Kabla ya Kupima Gari

Katika kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu magari ya wazazi, na wengi mmeandika mkiuliza ile habari ya amresti niliyoigusa mwishoni. Muda ulitubana. Basi naileta hapa yote, na vipimo vyake, kwa sababu najua wengi wenu hapa DMV, yaani D.C., Maryland na Virginia, mna gari la namna hii nyumbani.

Amresti ni kile kiegemeo cha mkono kilichopo katikati ya viti viwili vya mbele. Ukisema "kiegemeo" kila mtu atakuelewa, kwa sababu neno limetoka kwenye kuegemea. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea, sema amresti tu. Mimi nitatumia yote mawili.

Gari letu ni Toyota Yaris ya 2009. Binamu zetu wa Dar wanaijua sana, ila kwa jina la Vitz. Ni gari lilelile: Japani waliliita Vitz tangu 1999 hadi 2020, ndipo nao wakahamia jina la Yaris. Dogo, halili mafuta, haliharibiki ovyo. Letu halikuja na kiegemeo. Alichofunga Baba zamani kilikuwa cha kununua, na mwezi wa kwanza mwaka huu bawaba yake ilikatika. Bawaba ni kile chuma kinachofanya kifuniko kifunguke na kufungwa, kama cha mlango.

Sasa utasema, kiegemeo nacho ni kitu cha kuandikia makala? Ngoja.

Mama anahudumia wazee huko Rockville, zamu ya usiku. Sisi tunakaa Hyattsville. Kila jioni anaingia Beltway, ile barabara ya mzunguko ya maili 64 iliyokamilika 1964, halafu anakamata 270. Asubuhi anarudi wakati watu wote nao wako barabarani. Foleni mnaijua. Kwenye foleni mkono wa kulia hauna kazi, kwa sababu gari ni otomatiki na gia haishikwi. Mkono usio na kazi unataka mahali pa kukaa. Bawaba ilipokatika, Mama akakunja kanga akaiweka pale juu. Ikawa inateleza. Mwisho akawa anaegemea kile kishikio cha mkanda wa kiti. Hakusema kitu. Wazazi wetu hawalilalamikii gari ambalo bado linawaka asubuhi.

Baba alikuwa fundi magari Tanga kabla ya kuja huku. Tangu afanyiwe upasuaji wa mgongo hawezi kuinama ndani ya gari, kwa hiyo kazi ikawa yangu na mdogo wangu. Baba akaketi kwenye kiti cha kukunja pale maegesho, chai mkononi, akawa anatoa amri. Na mjue Kiingereza cha Baba kinaishia kwenye mlango wa gari. Ndani ya gari kila kitu ni Kiswahili.

Amri ya kwanza ilikuwa hii: "Gari mnalipima la nini? Gari halichoki. Mpimeni mama yenu."

Kupima mtu

Mama akaitwa. Baba akamwambia avae koti la kazini na viatu vya kazini, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyoendesha. Akae na kukisogeza kiti kama kawaida yake, ashike usukani kwa mkono wa kushoto, halafu aushushe wa kulia na kuukunja kiwiko kama anayeshika kikombe. Mimi nilikuwa na ile tepu yake ya kupimia nguo. Unapima kutoka kwenye kiti, pembeni ya nyonga, wima hadi chini ya kiwiko. Hicho ndicho kimo cha kiegemeo chake.

Sababu ni rahisi. Kiegemeo kikiwa juu mno kinalisukuma bega lipande, nawe unaendesha saa nzima kama mtu anayesema "sijui". Kikiwa chini mno mwili unalala upande mmoja kukifuata, na mgongo ndio unaolipa. Katikati ya hapo bega linashuka lenyewe na kiwiko kinatua bila kukitafuta.

"Shusha bega," Baba akasema.

"Limeshuka," Mama akajibu.

"Halijashuka."

Na kweli, bega la kulia lilikuwa juu kuliko la kushoto, na alipojaribu kulishusha uso ukakunjamana. Baba akaweka kikombe chini.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Na hukusema?"

"Nikisema mtaniambia niache kazi."

Mdogo wangu akajifanya anatafuta bisibisi. Baba alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hatukwambii uache kazi. Leo tunafunga hii. Jumatatu tunakwenda hospitali." Akanigeukia: "Andika sentimita."

Zilikuwa 20.

Kupima gari

Hapo sasa ndipo unapolipima gari. Angalia mambo manne.

La kwanza, nafasi kati ya viti. Pima upana mahali penye nafasi finyu kabisa, kisha usogeze kiti mbele na nyuma uone kama kitakwaruza.

La pili, breki ya mkono. Kwenye Yaris iko palepale katikati. Ivute mpaka juu kabisa, halafu upime. Kiegemeo kikizuia breki ya mkono, hakifai, hata kiwe kizuri namna gani. Na si suala la usalama barabarani tu. Virginia hukagua magari kila mwaka, na Maryland hutaka cheti cha ukaguzi gari la mtumba linapouzwa. Breki ya mkono ni moja ya vitu vinavyokaguliwa. D.C. waliacha ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi tangu 2009, lakini mlima hauangalii uko wilaya gani.

La tatu, mikanda. Funga mkanda, fungua, funga tena, wa dereva na wa abiria. Mkono ufike kwenye kishikio bila kupigana na kitu.

La nne ni upande wa usukani. Mjomba alitutumia picha ya amresti nzuri sana kutoka Gerezani, bei poa. Lakini kule gari linaendeshwa kushoto mwa barabara na usukani uko kulia, kwa hiyo dereva huegemea kwa mkono wa kushoto. Kama kiegemeo kimeundwa kikimwelemea dereva wa kule, huku kitamwelemea abiria. Kilicho nyoofu katikati hakina shida. Uliza kabla hujamsumbua mtu anayesafiri akubebee.

Kuchagua

Kama gari lenu lilitoka kiwandani na kiegemeo, mfano Corolla au Civic nyingi, msikimbilie kununua kipya. Nenda kwenye yadi ya magari yaliyokufa, zile ambazo unaingia na vifaa vyako na kuchomoa spea mwenyewe. Tafuta gari la mfano uleule na mwaka unaokaribiana, ukichomoe kifuniko pamoja na bawaba yake. Angalia klipu ya mbele haijavunjika, maana hiyo ndiyo hufa kwanza.

Kama ni gari lisilokuja nacho, ziko namna mbili. Moja huchomekwa kwenye tundu la kuwekea kikombe na kubanwa na mpira. Haihitaji kutoboa kitu, ila ukiweka uzito inayumba. Nyingine hufungwa kwa skrubu kwenye lile boksi la katikati. Hiyo imetulia, na Mama anahitaji kilichotulia, kwa hiyo tukachukua ya skrubu. Tulilipa dola 38.

Kufunga

Kutoa cha zamani ni kazi ya dakika tano: inua zulia dogo lililo chini ya boksi, kuna skrubu nne, zifungue, weka kwenye kifuniko cha chupa zisipotee.

Kipya ndicho kinachotaka akili. Chini ya boksi la katikati hupita waya wa breki ya mkono na nyaya za umeme, na katika magari mengi kile kifaa kinachoamuru mifuko ya hewa ifumuke wakati wa ajali hufungwa hapohapo sakafuni. Kwa hiyo usitoboe kwa kubahatisha. Tumia matundu yaliyopo. Ukilazimika kutoboa jipya, ondoa boksi kwanza uone kilicho chini. Na kama utagusa waya wowote wa umeme, chomoa kwanza upande wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Sisi tulitumia matundu ya zamani, hatukugusa waya.

Kiegemeo kilikuwa kimeundwa kwa kimo cha sentimita 18. Mama ni 20. Duka halikujui wewe, linajua gari lako. Baba akamtuma mdogo wangu alete ndala yake kuukuu na kipande cha ubao. Ubao ukakatwa kwa ukubwa wa kitako cha amresti, na mpira wa ndala ukawekwa chini ya ubao ili plastiki isilie gari likipita kwenye mashimo. Jumla ikaja sentimita 2 kamili. Tukanunua skrubu ndefu zaidi kwa kiasi hichohicho, si zaidi, zisije zikachungulia upande wa pili.

Halafu ikaja kukaza. "Kaza kwa mshazari," Baba akasema. Mnalijua hilo neno? Mimi sikuwa nimewahi kulisikia. Baba akafungua kiganja, akagusa kona moja, kisha kona inayoikabili, kisha zile mbili zilizobaki. Mshazari ni mstari unaotoka kona hadi kona. Unakaza kidogo hapa, kidogo kule, unarudia, ili kitako kikae sawa kisije kikainuka upande mmoja. Ndivyo matairi yanavyofungwa pia, kwa hiyo neno hili mtalihitaji tena.

Mwisho ni majaribio. Breki ya mkono juu na chini. Mikanda miwili. Kifuniko kifunguke chote. Viti mbele na nyuma. Kisha Mama, na koti lake. Akakaa, kiwiko kikatua, akafumba macho kidogo. Tukasubiri aseme neno. Akasema, "Haya, nipisheni nikalale, nina zamu usiku."

Jumatatu

Kiegemeo hakiponyi bega, na sitaki mtu asome hapa aende kununua amresti badala ya kwenda kwa daktari. Ila kile kipimo ndicho kilichotufikisha hospitali. Na huko ndiko nilikoona kazi ya Kiswahili cha nyumbani.

Daktari aliuliza maumivu yako vipi. Kwa Kiingereza ningesema "linauma" tu, basi. Lakini Mama alikuwa ameshatuambia vizuri kule kwenye gari: bega linavuta, shingoni panachoma, na vidole viwili vinakufa ganzi alfajiri. Kuvuta, kuchoma na kufa ganzi ni vitu vitatu tofauti, na ganzi ndiyo iliyomfanya daktari aache kuandika na kuanza kumpima mkono upya. Jueni pia kwamba hospitali na kliniki zinazopokea pesa za serikali kuu zinapaswa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Tuliomba, akaja kwenye simu. Wewe mtoto kaa pale kama mtoto, umshike mkono, kwa sababu yapo mambo ambayo mama hatayasema ikiwa mwanawe ndiye anayetafsiri.

Sasa anafanya mazoezi ya bega mara mbili kwa wiki, na zamu zimepungua kutoka tano hadi nne. Hilo alilikata mwenyewe, hakuna aliyemwambia aache kazi.

Basi, kazi yenu wiki hii ni ndogo. Jumamosi au Jumapili mkalisheni mzazi kwenye gari lake, na koti lake, mpime kutoka kwenye kiti hadi kiwikoni. Mwambieni ashushe bega, halafu msikilize. Na mkiwa hapo, mwulizeni kwao kiwiko kinaitwaje. Kwetu ni kiwiko, jirani yetu wa Mombasa anasema kisukusuku, na bibi yangu alikuwa akisema kisigino cha mkono. Tutumieni jibu kwa sauti, na ikiwezekana sauti iwe ya mzazi mwenyewe. Tutayasikiliza yote kipindi kijacho.