Kompyuta ya Kukunja: Wembamba Ndio Neema, Wembamba Ndio Taabu

Mwaka 2022 kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitoa kompyuta iitwayo Zenbook 17 Fold. Ukiifungua yote na kuisimamisha mezani, unapata skrini moja ya inchi 17.3. Ukiikunja kidogo katikati, nusu ya chini inageuka kibodi ya kugusa na nusu ya juu inabaki skrini ya kompyuta mpakato. Ukiifunga kabisa, inaingia katika mkoba usioweza kupokea kompyuta ya kawaida ya ukubwa huo.

Haikuwa ya kwanza. Lenovo ilitangulia na ThinkPad X1 Fold ya inchi 13.3, iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2020. HP ilifuata mwaka 2023 kwa Spectre Fold ya inchi 17, na Mei 2025 Huawei ikaleta MateBook Fold ya inchi 18, yenye unene wa milimita 7.3 ikiwa wazi na uzito wa kilo 1.16. Miaka inakwenda na makampuni yanazidi kujitosa, ilhali vifaa hivi bado ni adimu maofisini na vyuoni. Ukitaka kujua kwa nini, anza na skrini yenyewe. Sifa inayoiwezesha kukunjika ndiyo hiyo hiyo inayozaa karibu kila kasoro yake.

Utamu wa eneo

Skrini hupimwa kwa ulalo, kutoka kona hadi kona, na kipimo hicho huficha mengi. Kompyuta mpakato ya inchi 14 yenye umbo la 16 kwa 9 ina eneo la sentimita za mraba 540 hivi. Zenbook 17 Fold, ambayo umbo lake ni 4 kwa 3, ina takriban 930. Kwa ulalo zimepishana inchi 3 na ushee tu, lakini eneo limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Na kwa kuwa mkunjo unapita katikati ya upande mrefu, kila nusu ya skrini inabaki na sentimita 26 kwa 18 hivi, yaani ndogo kuliko karatasi ya A4.

Mhasibu anayesoma jedwali refu, mhariri anayelinganisha kurasa mbili na mchoraji wa ramani za majengo wote wanajua thamani ya eneo hilo. Skrini hiyo ikisimamishwa wima, ukurasa mzima wa A4 unaonekana kwa ukubwa wake halisi na nafasi inabaki. Hamu ya kifaa cha namna hii ni ya haki kabisa: ni hamu ya mtu ambaye kazi yake inahitaji meza pana, na maisha yake yanamtaka asafiri.

Kioo kinakunjwaje?

Kitu chochote kikikunjwa, upande wake wa nje huvutwa na wa ndani hubanwa. Kiasi cha kuvutwa hupatikana kwa hesabu nyepesi: gawanya unene wa kitu kwa mara mbili ya nusukipenyo cha mkunjo. Chukua kioo cha simu ya kawaida chenye unene wa milimita 0.6, kisha tuseme unataka kukikunja kwa nusukipenyo cha milimita 3. Uso wake ungelazimika kurefuka kwa asilimia 10, na kioo hupasuka muda mrefu kabla ya kufika hapo. Kipunguze kioo hicho hadi milimita 0.03, na urefukaji unashuka hadi asilimia 0.5, kiasi ambacho kioo kilichoimarishwa kinaweza kukistahimili. Siri ya kukunja ni wembamba.

Skrini za LCD zilizozoeleka haziingii katika hesabu hiyo. Zinahitaji taa nyuma yake, na kimiminika chake maalumu hukaa kati ya vioo viwili vilivyoachana kwa mikromita chache. Zikipinda, nafasi hiyo huharibika na picha huvurugika. Mlango ulifunguliwa na teknolojia ya OLED. Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak nchini Marekani walieleza namna ya kufanya matabaka ya kemikali za kaboni yatoe mwanga yenyewe yanapopitishiwa umeme. Matabaka hayo, yote kwa pamoja, hayafiki sehemu moja ya elfu ya milimita, na taa ya nyuma haihitajiki tena.

Lakini hata tabaka jembamba lazima likae juu ya kitu. Badala ya kioo, watengenezaji hutumia poliimidi, plastiki inayovumilia joto kali la kiwandani. Hupakwa ikiwa majimaji juu ya bamba la kioo, ikagandishwa, kisha transista na pikseli zikajengwa juu yake. Mwishoni mwanga wa leza huibandua plastiki hiyo kutoka kwenye kioo, na skrini nzima inatoka ikiwa laini. Juu na chini huongezwa matabaka ya kinga yaliyounganishwa kwa gundi laini inayoyaruhusu kuteleza kidogo, kama kurasa za kitabu kinapopindwa. Wahandisi hupanga unene wa kila tabaka ili transista, ambazo ni dhaifu kuliko vyote, zikae pale katikati ambapo hakuna kuvutwa wala kubanwa.

Pale wembamba unapodai deni

Deni la kwanza ni ugumu. Plastiki ya tabaka la juu la kinga ni laini kiasi kwamba ukucha uliokazwa unaweza kuitia alama, na chembe za mchanga ni ngumu hata kuliko kioo cha kawaida. Kioo chembamba sana nacho, kikibonyezwa na kitu chenye ncha, huzama kwenye gundi laini iliyo chini yake na kupasuka. Ndiyo maana hufunikwa tena kwa plastiki. Mwaka 2019 Samsung ililazimika kuahirisha uuzaji wa simu yake ya Galaxy Fold kutoka Aprili hadi Septemba, baada ya skrini kuharibika mikononi mwa waandishi walioijaribu. Baadhi yao waliibandua karatasi ya kinga wakidhani ni ya kutupwa. Katika vifaa vingine uchafu ulipenya karibu na bawaba. Kompyuta ya kukunja ina bawaba ndefu kuliko ya simu, na inakaa katika mkoba mmoja na funguo, kalamu na chaja.

Deni la pili ni mstari unaobaki katikati, kwenye mkunjo. Plastiki na gundi zikikaa zimekunjwa kwa saa nyingi hazirudi zilivyokuwa kikamilifu, na bonde dogo hubaki. Kwa anayetazama filamu moja kwa moja, bonde hilo husahaulika. Likipigwa na mwanga wa dirisha kutoka pembeni, huonekana waziwazi. Kuhusu uimara wa kukunjwa kwenyewe hakuna haja ya hofu kubwa: ASUS ilisema bawaba yake imejaribiwa kufunguliwa na kufungwa mara 30,000, na kwa mtu anayeifungua mara 10 kwa siku hiyo ni miaka 8.

Deni la tatu ni bei. Skrini hukatwa kutoka kwenye bamba kubwa, na dosari ndogo kama chembe ya vumbi inaweza kuangukia popote. Eneo la skrini ya inchi 17.3 ni takriban mara 10 ya la simu ya kawaida, kwa hiyo uwezekano wa kukutana na dosari ni mkubwa zaidi, na dosari moja inaweza kuitupa skrini nzima. Zenbook 17 Fold ilitangazwa kwa dola 3,499, zaidi ya shilingi milioni 8 za Tanzania kwa viwango vya mwaka huo, kabla ya ushuru. Spectre Fold ilifika dola 4,999. Hapa msomaji wetu ana jambo lake la kupima. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue hubadilisha kioo cha simu iliyozoeleka akakurudishia siku hiyo hiyo. Skrini inayokunjika huhitaji kipuri maalumu, na kipuri hicho ndicho sehemu kubwa ya kompyuta yenyewe.

Kibodi, uzito na programu

Yapo pia matatizo ambayo si ya wembamba. Vidole vinavyopiga chapa juu ya skrini havipati kitufe cha kubonyea, hivyo kwa maandishi marefu unabeba kibodi ya kando. Zenbook yenye uzito wa kilo 1.5 inafika 1.8 pamoja na kibodi yake. Programu nazo zilichelewa. Microsoft ilitangaza Windows 10X mwaka 2019 kwa ajili ya vifaa vya namna hii, kisha ikausitisha mradi huo mwaka 2021. Lenovo ilikuwa imekwisha kuuza kompyuta yake ikiwa na Windows 10 ya kawaida, ambayo haikubuniwa kwa skrini inayojikunja.

Kwa hiyo usiipime kompyuta ya kukunja kwa kuilinganisha na kompyuta mpakato moja. Ilinganishe na kompyuta mpakato nzuri ikiwa na skrini ya pili ya kubebeka. Viwili hivyo kwa pamoja vinatoa eneo la kutosha kwa bei ya chini sana, na kimoja kikiharibika kingine kinaendelea na kazi. Anayesafiri kila wiki, anayehitaji ukurasa mkubwa usiokatika, na ambaye mwajiri wake atayagharamia matengenezo ya kifaa hicho, anaweza kuinunua leo na akanufaika. Wengine tusubiri kitu kimoja mahususi: uso unaokunjika ambao mchanga hauuchubui na ambao fundi wa mtaani anaweza kuubadilisha. Kukunja, sayansi imekwisha kuweza. Kazi iliyobaki ni ugumu wa uso na urahisi wa matengenezo, na hayo mawili ndiyo ya kumuuliza muuzaji kabla ya kuuliza inchi.