Kutoka Uwanja wa Nje Hadi Kwenye Kituta

Chukua chungwa dogo la Muheza pale sokoni Kariakoo, ulipime mkononi. Mpira wa besiboli ni karibu hivyo: gramu 145, kipenyo sentimita 7 na ushei, ila umevikwa ngozi nyeupe iliyoshonwa kwa uzi mwekundu uliotuna, na vidole vikipita juu ya mshono vinapata pa kushika. Mrushaji mahiri huutoa mkononi kwa kilomita 150 kwa saa. Kisha anaurusha tena, na tena, hata mara 80 katika mchezo mmoja.

Mpira huu hauko mbali nasi. Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja, ukapita Faya na kushika Barabara ya Umoja wa Mataifa, unafika Azania Sekondari, ambako tangu 2018 upo uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani. Unaitwa Koshien, jina la uwanja wanaouota vijana wa shule kule Japani.

Kocha wa timu changa akitafuta wa kumsimamisha kwenye kituta cha mrushaji, jicho humwendea kijana anayelinda uwanja wa nje, kule mwisho kabisa. Ndiye mwenye mkono. Anaudaka mpira, anapiga hatua mbili za kuruka, anauvurumisha mita 70.

Hatua hizo mbili ndizo zinazotudanganya. Mkenya Julius Yego alipotupa mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015, alianza kwa kukimbia. Mwondolee mbio, mkuki ungetua karibu zaidi kwa mita nyingi. Kwenye kituta hakuna mbio. Mguu mmoja unagusa kibao kilichofukiwa udongoni, na nguvu yote itengenezwe papo hapo: mguu wa nyuma unasukuma, wa mbele unatua na kukaza, nyonga inageuka kabla ya kifua, kifua kabla ya bega. Mkono unabaki nyuma kama manati iliyovutwa. Ukiachiwa, bega huzunguka kwa kasi ya nyuzi 7,000 kwa sekunde, miongoni mwa mijongeo ya haraka kuliko yote ya mwili wa binadamu.

Halafu shabaha. Kutoka kituta hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, na kibao anachokilinda kina upana wa sentimita 43. Mkono ukikosea nyuzi moja tu, mpira unapotea sentimita 32. Mlinzi wa nje akikosea kiasi hicho hakuna anayegundua: mwenzake anasogea hatua moja na kuudaka.

Kwa nini basi wapo wanaofaulu? Jibu mojawapo limo ndani ya mfupa, na kwangu ndilo la kustaajabisha kuliko yote. Mtoto huzaliwa mfupa wa juu wa mkono ukiwa umejisokota kuelekea nyuma, na anavyokua msokoto hupungua. Anayerusha sana utotoni, upande wa mkono anaorushia msokoto hupungua kidogo tu, hivyo ukubwani mkono huo unaweza kurudi nyuma zaidi kabla ya kufyatuka. Aliyelinda uwanja wa nje tangu mdogo anao tayari. Anayeanza akiwa na miaka 20 amechelewa, hata awe na misuli ya mpagazi.

Mmarekani Anthony Gose ni mfano hai. Alikuwa mlinzi wa nje wa Toronto na Detroit, gongo likamshinda, na mwaka 2017 akaanza upya kama mrushaji katika ligi za chini. Septemba 2021 alirudi ligi kuu na Cleveland, akirusha kilomita 160 kwa saa. Mwaka uliofuata kano ya kiwiko ilikatika, akapasuliwa. Upasuaji huo ulianza 1974, daktari Frank Jobe alipopandikiza kano kutoka mkono mwingine wa mrushaji Tommy John. Kwa hiyo namsihi kocha yeyote wa Azania: mhamishe kijana taratibu, na uhesabu kila mpira anaorusha.

Na kabla kocha hajaenda kutafuta mkono kule mwisho wa uwanja, apite vichochoro vya Kariakoo jioni. Wasichana wawili wamesimama huku na huku, wa tatu yuko katikati, na mpira wa soksi unapita kati yao. Ni rede. Hawarushi mbali. Wanalenga kiuno cha mtu anayekwepa, bila mbio, mpira mmoja baada ya mwingine mpaka magharibi iingie. Wana miaka 9 au 10, na mfupa wa juu wa mkono bado unajipanga.