Somo: Sanamu za Watakatifu

Leo tujibu neno ambalo Wakristu huulizwa mara nyingi: Je, ninyi huabudu miti?

Tuanze mbali. Huko New Mexico, nchi iliyotawaliwa zamani na Wahispania na ambayo leo ni sehemu ya Marekani, mapadri walikuwa wachache. Basi tangu miaka ya 1700 waamini wenyewe walichonga watakatifu wao. Mchongaji aliitwa santero. Alitwaa mzizi wa mti laini unaoota kando ya mto, akauchonga kwa kisu, akaupaka jasi na gundi, kisha rangi. Mtakatifu Isidori, msimamizi wa wakulima, alichongwa pamoja na ng'ombe wa kulima na malaika. Katika sikukuu yake, tarehe 15 Mei, alichukuliwa mashambani, watu wakimwomba Mungu abariki mbegu.

Hayo ni mema. Lakini katika nchi za Kihispania ikaingia desturi nyingine: msichana akikosa mchumba, humgeuza Mtakatifu Antoni kichwa chini, au humnyang'anya Mtoto Yesu aliyempakata, mpaka ombi lijibiwe.

Tusiwacheke. Katika ufalme wa kale wa Kongo, upande wa magharibi, ambao mfalme wake Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, watu walimchonga Antoni yuyo huyo kwa mti au pembe ya ndovu, wengine wakamsubu kwa shaba ya manjano. Wakamwita Toni Malau, yaani Antoni wa bahati njema, wakamvaa awakinge na ugonjwa na taabu za uzazi.

Kosa li wapi? Si katika kisu cha fundi. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima ipewayo sanamu humwendea yeye anayeonyeshwa nayo. Mama wa Panda anayetunza picha ya mwanawe aliye safarini hapendi karatasi, anampenda mwana. Bali aiadhibuye sanamu ili itii, amemgeuza mtakatifu kuwa mtumwa, na sanamu kuwa hirizi.

Kwa hiyo, mtoto akiugua, mpelekeni hospitali, nanyi mwombeni Mungu pamoja na watakatifu. Kumfunga sanamu shingoni na kukaa kungoja nyumbani si imani.

Swali: Sanamu ina nguvu yenyewe?
Jibu: Hapana. Hutukumbusha mtakatifu, naye hutuombea kwa Mungu.

Shikeni jibu hili moyoni, mkawafundishe watoto.